Nilibadilisha Namba za Punda Wawili

Kosa ni langu peke yangu. Naanza na hilo kwa sababu najijua: nikianza na maelezo nitajitetea, na nikijitetea nitaishia kumsingizia mtu mwingine, kama nilivyofanya karibu mwaka mzima.

Jina sitaandika. Ni msichana wa kidato cha pili, nasoma bweni, na kwetu ni kijiji kimoja upande wa Masumbwe. Mimi ni mtu wa haya. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, nanyamaza mpaka mwalimu ahamie kwa mwingine. Maneno yangu yote nayamalizia kwenye daftari ninaloandika kila siku na kulificha chini ya godoro. Humo ndimo shaka yangu ilimoiva, kama ndizi iliyovundikwa.

Nyumbani tuna jirani, Mama Kulwa. Ni mjane, ana mapacha wake wawili, Kulwa na Doto, wa darasa la kwanza. Mguu wake wa kushoto ulivunjika zamani ukaunga vibaya, kwa hiyo ndoo kichwani haiwezi. Aliyekuwa anambebea maji kutoka lamboni ni punda wake, Sajini. Maji mengine ya nyumbani, mengine ya kupeleka machimboni kwa wapishi wa wachimbaji. Nyumba ile ilikuwa inakula kwa mgongo wa Sajini, na kila mtu kijijini alijua.

Sajini alikuwa na kinundu kifuani, kikubwa kama limau, chenye magamba juu. Punda wetu, jike wa Baba, naye alikuwa na chake chini ya jicho. Tulivipaka majivu, tukavipaka mafuta ya gari yaliyotumika, na vyenyewe vikazidi kukua.

Likizo ya mwezi wa sita akaja Daktari Salehe. Alikuwa daktari wa mifugo kutoka chuoni, mtu wa pwani, Kiswahili chake laini mpaka watoto walikuwa wanamfuata wakimwigiza. Alikuwa anazunguka vijiji akichunguza kansa ya ngozi ya punda na farasi. Farasi kwetu hakuna, kwa hiyo ikawa punda. Akafikia kwa Mama Kulwa, kwa sababu ndiye aliyekuwa na chumba kitupu.

Siku ya kwanza alisimama penye zizi letu, akasema anatafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka.

Baba akanisukuma mbele. "Mchukue huyu. Kusema hasemi, lakini mwandiko wake kama wa chapa."

Daktari akacheka. "Asiyesema ndiye ninayemtaka, mzee wangu. Wanaosema ninao wengi."

Halafu akatueleza kazi yake. Alisema ndani ya kila chembe ya mwili wa mnyama kuna maagizo, na maagizo hayo yanaitwa jeni. Chembe ya ngozi ina maagizo yote, ya kwato, ya jicho, ya ini, lakini inatekeleza yale ya ngozi tu, mengine yamenyamaza. Kwenye kinundu, akasema, kuna maagizo yanayotekelezwa ambayo yalipaswa kunyamaza. Na vinundu vingine vinachochewa na kirusi kinachotoka kwa ng'ombe.

Binamu yangu Masanja, ambaye ni mchimbaji na hajui kukaa kimya, akadakia: "Kwa ng'ombe? Hawa wawili wameoana lini na sisi hatukualikwa?"

Watu wakacheka, daktari naye akacheka. Mimi nilishachora chembe kwenye daftari la bayolojia, nikaipaka rangi, nikapata alama nzuri. Lakini hayo ya maagizo kunyamaza sikuwahi kuyasikia darasani. Nikajiambia, mbona mwalimu wetu hajawahi kuyasema?

Shaka ilianzia hapo.

Kazi yangu ilikuwa kuandika kwa penseli kwenye vipande vya plasta na kuvibandika kwenye vichupa vidogo. Kila punda alikuwa na namba. Sajini alikuwa saba, punda wetu alikuwa nane. Daktari alikata kipande cha kinundu, nikaandika 7K. Kisha, na hapa ndipo nilipoacha kumwamini, akaenda nyuma ya bega la Sajini, pale penye ngozi safi isiyo na hata kovu, akachoma sindano ya ganzi, akakata na pale. "Andika 7N," akasema. "N ya nzima."

Nilitaka kuuliza. Swali lilikuwa mdomoni kabisa. Nikaandika 7N.

Vichupa vilitumbukizwa kwenye mtungi wa bati wenye shingo nyembamba. Akifungua kifuniko, moshi mweupe ulitoka na kumwagika chini, nao ulikuwa wa baridi. Mama Kulwa alisogeza kiganja, akakirudisha haraka.

"Moshi gani huu unaoshuka badala ya kupanda?" akauliza.

"Ni baridi, mama, baridi kuliko barafu. Bila hiyo vipande vinaoza na maagizo yanafutika."

Mama Kulwa akatikisa kichwa na kuendelea na unga wake. Mimi nikarudi nyumbani nikaandika kwenye daftari: *Mtu wa kutibu ugonjwa anataka ngozi isiyougua ya nini?*

Siku zilizofuata nikawa namchunguza yeye kuliko alivyowachunguza punda. Niliandika kwamba hatupi kitu, hata damu anaifuta na pamba na pamba anaibeba. Niliandika kwamba punda wana majina lakini yeye anataka namba. Siku ya gulio nikamwona Masumbwe, amesimama na mnunuzi wa dhahabu karibu na gari la huyo mnunuzi, wanaongea kwa sauti ya chini, na mtungi uko miguuni mwao. Hiyo niliiandika kwa herufi kubwa.

Nikamwuliza Masanja, kwa sababu yeye ni binamu na kwake haya yangu huwa inapungua kidogo.

"Wachimbaji wana haja na ngozi ya punda?"

Masanja akanitazama, akaweka uso wa kikao cha mazishi. "Hujui? Ngozi ya punda ukiizika mdomoni mwa shimo, dhahabu inakuja yenyewe kwa miguu. Tena inapiga hodi."

"Ya kinundu au nzima?"

"Zote mbili. Ya kinundu inavuta, nzima inashikilia."

Alikuwa ananitania. Ndiyo kazi ya Masanja toka tukiwa watoto. Lakini alipoikubali na ile nzima, nikaona kila kitu kimekaa mahali pake.

Mtu mwingine angekwenda kwa baba yake, au angemkabili daktari mwenyewe. Mimi nikaamua kumtega. Nikawaza hivi: kama ni daktari wa kweli, nikibadilisha vichupa atatambua. Kama ni tapeli hatatambua, maana kwake ngozi ni ngozi tu.

Ilikuwa saa saba mchana. Alikuwa amemaliza kumkata punda wetu, akaniachia vichupa kwenye sinia nimalizie plasta, akaenda nyuma ya nyumba kuswali. Asubuhi hiyo alikuwa amemkata Sajini upya, kwa sababu vipande vya kwanza vilikuwa vidogo mno, na vichupa vyake vipya vilikuwa bado juu, hajavitia mtungini. Nikabandua plasta ya 7K nikaiweka kwenye kinundu cha punda wetu. Ya 8K nikaiweka kwenye cha Sajini. Nikazikandamiza kwa kidole gumba. Mwandiko, kama Baba alivyosema, ulikuwa wa chapa.

Akarudi, ndevu bado zina maji.

"Umemaliza, binti?"

"Ndiyo."

Akavichukua kimoja kimoja, akasoma plasta, akaandika kwenye daftari lake, akavitumbukiza. Moshi ukashuka. Hakutambua chochote.

Usiku wa siku hiyo niliandika neno moja tu: *Ameshindwa.* Nilifurahi, msomaji. Nisikufiche.

Jioni ile ile alikuwa ameshaondoka. Gari la yule mnunuzi wa dhahabu ndilo lililompa lifti mpaka Ibadakuli, kwenye kiwanja cha ndege, ili mtungi uwahi kabla baridi haijaisha. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yao kule gulioni. Nilikuja kuijua baadaye, wakati haikunisaidia tena. Shule ikafunguliwa, nikarudi bwenini na ushindi wangu. Sikumwambia mtu.

Mwezi wa kumi na mbili nikarudi nyumbani, na wiki hiyo hiyo Daktari Salehe akarudi na karatasi.

Alituita wenye punda, akaeleza taratibu. Kuna vinundu vya aina mbili. Kimoja kinakaa kwenye ngozi. Ukikikata vizuri mnyama anaishi. Kingine ni saratani inayochimba ndani, na ikishaanza kusambaa, kumkata mnyama ni kumtesa bure. Chuoni walivitazama vipande kwa hadubini, wakapima na yale maagizo yanayotekelezwa humo.

"Namba nane, wa mzee hapa, ni kile cha juu. Huyu nitamfanyia upasuaji kesho." Kisha akamgeukia Mama Kulwa, na sauti ikapungua. "Namba saba, mama yangu, ni kile kibaya. Kwa macho yangu nisingesema hivyo. Kwa macho ningesema ni kinyume chake. Lakini karatasi ndiyo imeona ndani."

Mama Kulwa hakulia. Aliuliza, "Anaumia?"

"Ataumia. Bora apumzike kabla."

"Basi na apumzike."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilicholazwa, hatua nne kutoka pale. Nilijua. Kwa neno moja tu Sajini angepona. Unataka kujua kwa nini sikulisema? Nilimwogopa Baba, ndiyo. Niliona haya mbele ya watu wote wale, ndiyo. Lakini kubwa zaidi ni hili: nilikuwa bado namshuku. Nikajiambia, huenda karatasi yenyewe ni ya uongo, kaiandika mwenyewe, na kama ni ya uongo basi namba zangu hazina maana na mimi sina hatia. Shaka ikanifaa. Nikajificha ndani yake kama mtu anavyojificha mvua.

Asubuhi Mama Kulwa alimwongoza Sajini mwenyewe mpaka chini ya bonde. Alimvua lile gunia la mgongoni, akalikunja. Daktari akachoma sindano. Sajini alipiga magoti ya mbele kwanza, kama afanyavyo akipakiwa madebe, na Mama Kulwa akasema polepole, "Leo hakuna mzigo." Sajini akalala.

Daktari akakata kinundu akitazame. Nilikuwa nimeshika sinia. Alikigeuza, akachunguza kifua chini yake, akapapasa, akachunguza tena.

"Hiki hakikuchimba popote," akasema, kama anaongea na kisu chake. Akanitazama. "Binti, saba ni wa nani?"

"Wa Mama Kulwa."

"Plasta uliandika wewe?"

"Ndiyo."

"Hukuchanganya?"

Niseme nini hapa? Alikuwa ananiuliza bila ukali wowote, macho yake yanaomba niseme nimechanganya.

"Sikuchanganya."

Akaniamini pale pale. Mimi nilimshuku miezi sita kwa kukata ngozi nzima. Yeye aliniamini kwa neno moja la uongo. Akasema, "Basi nimechanganya mimi mtungini." Akatoa daftari lake, akapiga mstari kwenye kijiji chetu chote, punda wote, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Kama wawili wamechanganyika, akasema, hawezi kuapa kwa yeyote. Miezi ya kazi yake ikafutwa kwa penseli yangu.

Punda wetu hakufanyiwa upasuaji siku hiyo, kwa sababu daktari hakuiamini tena karatasi. Alimwomba Baba amruhusu akate kipande kingine, apime upya. Baba akakataa. Alikuwa ameshaona mzoga wa punda aliyeuawa bure, na Masanja alishaeneza kwamba daktari mwenyewe kakiri amekosea.

"Wewe mtu," Baba akamwambia, "umemaliza punda wa mjane, sasa unamtaka wangu. Kusanya mitungi yako."

"Mzee, huyu wako ndiye ninayemwogopea."

"Nimesema kusanya."

Aliondoka kwa miguu, mtungi begani. Watu walisimama milangoni wakimtazama, na hakuna aliyemwambia kwaheri isipokuwa Mama Kulwa. Kinundu cha punda wetu kikaingia jichoni kabla ya mvua kubwa kwisha. Baba alimmaliza mwenyewe kwa rungu, na tangu siku hiyo anasema ni yule mtu wa pwani aliyetia kitu kwenye kidonda. Anasema hivyo mbele yangu, na mimi nammwagia maji anawe mikono.

Kulwa na Doto wakawa wanachota maji alfajiri kabla ya shule, kidumu kimoja kwa fimbo, mmoja mbele mmoja nyuma. Mwalimu aliwachapa kwa kuchelewa. Kila likizo nikawa naamka kuwabebea. Mama Kulwa akanisifu kanisani mbele ya wanawake wenzake. "Binti huyu hana maneno, lakini ana moyo. Wabeja, ng'wanawane." Ananishukuru kwa Kisukuma, ananiita mwanangu! Nilitamani ardhi inimeze na ndoo zangu.

Likizo hii ya juzi aliniita nimwandikie barua. Sabuni ilikuwa imeadimika, alikuwa anafua kwa majivu, mikono imebabuka. Alitaka kumwandikia Daktari Salehe.

"Mwambie simlaumu," akasema. "Mwambie kila mtu anakosea kazini. Mwambie watoto hawajambo."

Niliandika "Kwa Daktari Salehe, shikamoo." Penseli ikagoma. Nikaiweka chini, nikamwambia yote, nimeinamisha kichwa, kuanzia 7N mpaka "sikuchanganya". Sijawahi kuongea muda mrefu hivyo maishani mwangu.

Hakunipiga. Aliendelea kufua. Alikamua nguo moja, akaitandika kwenye jiwe, akachukua nyingine. Halafu akasema:

"Kwa hiyo ulitaka kujua kwa nini anakata na penye uzima."

"Ndiyo, mama."

"Mbona mimi nilimwuliza. Siku ile ile ya kwanza, tukila."

Sikuweza kumtazama.

"Akasema anataka kulinganisha. Akaniambia, mama, ukitaka kujua khanga imepauka kiasi gani, unafunua ule upindo ambao haukupigwa jua. Basi na yeye anatafuta upindo. Aone ngozi ya Sajini ilikuwa inafanya nini kabla haijaharibika." Akakamua tena. "Mimi sijasoma, nikaelewa. Wewe wanakusomesha nini huko?"

Nikasema sijui.

"Chukua penseli. Andika hayo uliyoniambia. Yale yangu ya kutomlaumu yafute, hayana kazi tena. Mwambie daftari lake halikuwa na kosa, mahali palipokosewa ni pawili tu, saba na nane. Labda wengine atawaokoa."

Nikaandika. Alinisimamia mpaka mwisho, kisha akaniamuru nimsomee, akanisahihisha mahali nilipoandika "kwa bahati mbaya". Akasema ile haikuwa bahati. Nikafuta.

Barua imekwenda chuoni, jibu halijaja. Kwa Baba nilisema jioni hiyo hiyo. Mpaka leo anaongea nami kupitia kwa mama yangu. Mama Kulwa hajasema amenisamehe. Ndoo nikizifuata anaziacha mlangoni nizichukue, na yale ya "ng'wanawane" yamekwisha.

Wewe unayesoma, hasa wewe msichana mwenzangu unayeona haya kunyoosha mkono. Mtu ukimshuku, mwulize. Utaonekana mjinga kwa dakika moja, na dakika itapita. Usimtege kimya kimya. Mtego wangu ungemnasa daktari wa kweli sawasawa na tapeli, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kutazama kipande cha nyama ndani ya kichupa akajua kimetoka kwa punda gani. Ndiyo maana alinihitaji mimi. Alihitaji mtu wa kuandika ukweli kwenye plasta, akaniamini.